Uzito Niliomtajia Fundi

Fairlie,
Tarehe 27 Machi

Dada yangu mpenzi Noeline,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako jipya limeanza kukutii, na kuku wako hawajagoma kutaga kwa mvua za huko kwenu Westport. Sisi huku tu wazima, na safari hii neno hilo siliandiki kwa mazoea. Nitakueleza kwa nini. Baridi imeanza kubisha hodi. Juzi asubuhi nyasi za uani zilikuwa nyeupe kwa sakitu, na Selwyn amekwisha kutoa soksi zake za sufu zenye matundu, zile ulizoapa kuzichoma moto. Shemeji yako huyo anakusalimu sana, na anaomba umwekee chupa mbili za achari ya nyanya mbichi, kwa sababu moja huwa naimaliza mimi.

Najua umenikasirikia, na una haki. Tangu Krismasi sijakuandikia mstari mmoja, na ulipopiga simu nilimwachia Selwyn apokee nikijifanya niko bustanini. Nivumilie nikusimulie tangu mwanzo, maana jambo lenyewe lilianzia kwenye shokapu za pikipiki, na ukilisikia nusu nusu utadhani nimerukwa na akili.

Pikipiki ya Selwyn unaijua, ile kubwa ya kijivu yenye masanduku matatu, aliyoinunua mwaka aliostaafu kuendesha lori la kondoo. Miaka kumi na miwili tumezunguka nayo kisiwa hiki, yeye mbele, mimi nyuma na chupa ya chai. Lakini ilikuwa imechoka. Injini haina neno. Injini ile itatuzika sote. Zilizochoka zilikuwa shokapu. Selwyn akishika breki, mbele kuliinama kama kondoo anayekunywa maji mtoni. Nyuma nako, kila tulipopita shimo kiti kilishuka mpaka chuma kikagonga chuma, na pigo hilo likanipanda mgongoni hadi kwenye meno. Selwyn alisema huo ni uzee tu. Nikamwuliza uzee wa nani. Akasema wa barabara.

Mwezi wa Novemba tulikuwa tunarudi kutoka Cromwell kumwona rafiki yake mgonjwa. Tulipokuwa tunateremka mlima wa Lindis, kwenye kona moja lami ilikuwa imefura kama mkate. Tukaipanda. Nyuma kukazama, kukaruka, kukazama tena, kukaruka tena, kama boya, na mbele kukawa kwepesi hata Selwyn akigeuza usukani pikipiki haimsikii. Tukavuka mstari wa kati. Gari la watalii lilikuwa linapanda upande ule. Dada, lilipita karibu sana hata niliona kikombe cha njano alichokishika mama aliyekaa kushoto. Selwyn alisimamisha pikipiki chini ya mlima, akaenda kukaa kwenye majani bila kuvua helmeti. Nilikaa pembeni yake muda mrefu. Mwishowe akasema, "Glenys, naiuza."

Nikamwambia haiuzwi. Unamjua Selwyn: mtu aliyeendesha maisha yake yote, ukimkalisha nyumbani atakuwa anahamisha mwiko na sufuria zangu kutoka kabati hili kwenda lile mpaka nimwue. Nikasema nitalipia shokapu mpya, mbele na nyuma, kwa akiba yangu mwenyewe. Akakataa siku mbili, siku ya tatu akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, fundi mzuri wa shokapu ni nani siku hizi.

Fundi tulimpata Timaru, anaitwa Kereama. Kazi yake ni shokapu tu. Injini hagusi, hata ukimlilia. Ni mtu mnene, mpole, miwani yake ameifunga kamba shingoni kama mwalimu wetu wa shule ya msingi. Aliweka kiganja chake kwenye kiti cha nyuma, akakandamiza mara moja, akaiacha. Pikipiki ikabaki imeinama, haikupanda. Akamtazama Selwyn kwa huruma akasema, "Mzee, hapa hakuna shokapu. Hapa kuna kumbukumbu ya shokapu."

Selwyn akajitetea kwamba mwaka juzi aliikaza springi. Kereama akasema kukaza springi iliyokufa ni sawa na kumfunga tai maiti. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Kisha akatueleza atakachofanya. Mbele angetoa springi za zamani, nyembamba mno kwa mzigo wetu, aweke nzito zaidi, na vali mpya za kupitisha oili ili isizame ghafla kwa breki. Nyuma angeagiza shokapu nzima, iliyotengenezwa kwa vipimo vyetu sisi, yenye kitasa cha kukazia springi kwa mkono tukibadilisha mzigo. Akachukua daftari, akasema, "Sasa nitajieni uzito, na nguo za safari na buti. Ukinidanganya uzito, nitakutengenezea pikipiki ya mtu mwingine."

Selwyn akasema tisini na sita, akaongeza kwamba kumi kati ya hizo ni za mke wake na upishi wake. Mimi nikasema sabini na mbili. Nilisema bila kupepesa macho, kama ninavyosema tarehe ya kuzaliwa. Kereama akanitazama juu ya miwani, akaandika.

Vifaa vilichukua wiki nane kufika. Mwisho wa Januari tukapeleka pikipiki, na Selwyn hakukubali niachwe nyumbani. Alisema fedha ni zangu, sharti nione zinakwenda wapi. Tukakaa kwenye benchi la gereji na pai zetu za nyama tukitazama. Kereama alipofungua bomba za mbele, oili iliyotoka ilikuwa nyeusi na inanuka samaki. Selwyn aliona aibu kama mtu aliyevuliwa kiatu mbele ya wageni soksi ikiwa chafu. Kufikia saa nane mchana kila kitu kilikuwa kimefungwa, shokapu mpya inang'aa kule nyuma, na Kereama akasema sasa tupime.

Alitumia futi ya utepe. Kwanza alipima kutoka ekseli ya nyuma mpaka alama aliyoiweka mkiani, pikipiki ikiwa tupu. Kisha Selwyn akapanda. Kereama akapima, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Imeshuka hasa pale alipokuwa amepiga hesabu, milimita kwa milimita. Kisha akaniambia mimi nipande nyuma ya Selwyn. Nilisita. Nilikuwa na sababu nyingine ya kusita, si ile unayoifikiria sasa, nitaifikia. Lakini watu wawili wananitazama, ningefanyaje. Nikapanda.

Kereama akapima. Akaniomba nishuke, nipande tena, niinue miguu vizuri. Akapima mara ya pili. Akaitikisa pikipiki, akapima mara ya tatu, kisha akaivua miwani yake.

"Mzee amefika mzima," akasema. "Mama hajafika mzima. Kuna kilo kama kumi na tano zimebaki nyumbani."

Selwyn akacheka. Akasema labda futi ya fundi imekunywa. Kereama hakucheka. Alikuwa na mizani ya chuma ya kupimia magurudumu na mabegi ya wateja. Akaivuta kwa mguu mpaka mbele yangu, akasema kwa upole kwamba si lazima, ila springi haisemi uongo na yeye anataka kujua kama kosa ni lake. Ningeweza kukataa. Lakini nilimwona Selwyn ameacha kucheka. Alikuwa ananitazama mikono, maana nilikuwa nimekunja mikono ya koti, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kuiona mchana kweupe. Nikapanda mizani na buti zangu, na koti langu, na helmeti mkononi. Hamsini na saba.

Kereama alikwenda kutafuta spana ambayo haikupotea.

Tuliondoka na pikipiki, na laiti ungelijua, Noeline, ilivyokuwa inakwenda. Barabara ile ile iliyokuwa ikinivunja meno ikawa kama imepigwa pasi. Breki ikishikwa, mbele inateremka taratibu kama mtu anayekaa kwenye kochi. Na sisi wawili juu yake tumekaa kama tunatoka mazikoni. Tulipofika Pleasant Point, Selwyn akasimama kando ya barabara, akavua glavu, akaniuliza bila kugeuka, "Tangu lini?"

Nikamwambia tangu majira ya baridi. Tangu Julai hivi.

Akasema, "Nimelala kando yako miezi yote hiyo, halafu nimekuja kuambiwa na fundi mwenye futi."

Nilikuwa nimejipanga vizuri, dada. Masweta mawili mawili, hata mwezi wa Desemba, kiangazi kikiwaka. Sketi nimezipunguza kwa sindano pale anapokwenda kwenye mnada wa kondoo. Chakula nilikuwa nakula, nakula kweli, kuliko yeye. Nilikuwa nanyanyuka usiku kula mkate na siagi, na bado nayeyuka kama sabuni. Mikono inatetemeka. Moyo unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa nafuma. Nilikuwa nasikia joto huku wenzangu wanavaa makoti. Nilimwambia Selwyn ni umri, naye mwanamume akiambiwa ni umri huwa haulizi zaidi, anaogopa maelezo.

Kesho yake hakuniuliza kama nataka kwenda kwa daktari. Aliwasha gari, akafungua mlango wa upande wangu, akasimama hapo kama polisi. Daktari wetu siku hizi ni mama mmoja kutoka Kerala, mdogo wa umbo, hana haraka. Hakuanza na tumbo kama nilivyoogopa. Alinishika shingo, akaniambia nimeze mate. Akaniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole, nasi watatu tukaitazama karatasi ile inavyotetemeka kama jani. Akachukua damu. Akasema ana wazo lake lakini halisemi mpaka damu iseme.

Siku tano. Sitakusimulia hizo siku tano, isipokuwa kwamba Selwyn aliosha pikipiki kila siku, na siku ya nne aliiosha mara mbili.

Simu ikaja Alhamisi, nikiwa namenya viazi. Daktari alisema ni tezi ya shingoni, inafanya kazi kupita kiasi, inachoma kila ninachokula kama jiko lililoachwa wazi. Alisema ina dawa, vidonge, kila siku, na vingine vya kutuliza moyo, na kwamba kazi ya kupona ni ya miezi lakini ya kufa si ya leo. Nilimwuliza kama ana hakika si kitu kingine. Akasema ana hakika. Nikamwuliza tena. Akajibu tena bila kuchoka, Mungu ambariki. Nikaweka simu chini, nikaenda nje na kisu cha viazi mkononi. Selwyn alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikipiki na kitambaa. Aliponiona akasimama, akashikilia kiti. Nikamwambia, "Ni tezi." Akauliza tezi ni nini. Nikasema ni kitu kinachotibika. Akakaa chini palepale kwenye maji ya sabuni. Baadaye alikwenda kutengeneza lango ambalo halikuwa limeharibika, akakaa huko mpaka chakula kikapoa, nami sikumwita, maana nilijua anafanya nini kule.

Sasa nimefika pale nilipokuwa napaogopa.

Dada, kwenye Krismasi nilikuandikia kwamba siwezi kuja kwa sababu matunda ya rasiberi yameiva yote kwa pamoja na hakuna wa kuyachuma. Ulikuwa uongo. Rasiberi msimu huu zililiwa na ndege. Sikuchuma hata bakuli. Sikuja kwa sababu ningeingia tu mlangoni kwako na wewe ungejua. Wewe ndiye uliyemuuguza Mama ugonjwa ule wa tumbo. Wewe ndiye uliyekuwa ukimbeba kumtoa kitandani kumpeleka bafuni mwezi ule wa mwisho, ukaniambia kwenye simu kwamba sasa ni mwepesi kama kapu la nguo kavu. Neno hilo lilikaa nami miaka kumi na tisa. Nilipojiona kwenye kioo mwezi wa Agosti, mifupa ya mabega imetoka, sikujiona mimi; nilimwona Mama. Nikasema basi, zamu yangu imefika, na nikaona kwenda kwa daktari ni kwenda kuambiwa tarehe. Na sikutaka wewe, na goti lile, ubebe mtu mwingine.

Na kuna la pili, zito zaidi. Siku moja baada ya kutoka kwa Kereama mara ya kwanza, Selwyn alipokwenda kumsaidia jirani kuhamisha kondoo, nilimpigia fundi simu. Nikamwambia abadilishe oda. Shokapu ya nyuma aifanye ya mtu mmoja wa kilo tisini na sita na masanduku yake. Asihesabu abiria. Na asimwambie mume wangu. Akaniuliza, "Na wewe mama?" Nikasema mgongo wangu umechoka na safari. Akasema, "Nimekusikia." Nikashukuru, nikakata simu, nikajiona nimefanya jambo la mapenzi. Nilitaka siku ambayo sitakuwepo, Selwyn awe na kitu kinachomchukua vizuri peke yake, asitupwe kwenye kona kwa sababu ya kiti kitupu. Ndiyo sababu ile akiba yangu ilikuwa nyepesi kutoa. Ndiyo sababu nilisita kupanda siku ile ya kupimwa. Nilidhani springi itazama chini yangu na siri itatoka kwa njia hiyo. Ikatoka kwa njia nyingine.

Mwezi uliopita nilimpelekea Kereama kikapu cha plamu, nikamwuliza mbona hakufanya nilivyomwagiza. Aliendelea kufuta mikono. Akasema pikipiki ni ya mzee, na mzee alisema wawili. Kisha akasema springi ya wawili unaweza kuilegeza ikambeba mmoja, lakini ya mmoja hata uikaze vipi haibebi wawili, kwa hiyo aliona atuachie nafasi. Akaniuliza plamu zile ni za mti gani. Hayo tu.

Selwyn nilimficha jambo hilo mpaka Jumapili hii iliyopita. Tulikwenda Lindis, safari yetu ya kwanza ndefu tangu nianze vidonge. Tuliiteremka kona ile ile, uvimbe wa lami bado upo, pikipiki ikaupanda, ikaukubali, ikatulia, tukaendelea kama hatukupita kitu. Chini ya mlima tukasimama kunywa chai, na hapo nikamweleza yote, simu na oda na sababu yake. Alikunywa chai mpaka ikaisha. Nilidhani atakasirika, na pengine alikasirika, lakini aliposema alisema hivi: "Springi ya mtu mmoja ingenitupa mtaroni siku ya kwanza, bibie. Kila kona ningekuwa nageuka nyuma kukutafuta."

Kisha akapiga magoti akazungusha kile kitasa cha shokapu. Hiyo ndiyo kazi yake siku hizi: kila Jumamosi ananipima, na nikiongeza kilo anakaza kidogo, anaandika kwenye ukuta wa banda kwa penseli. Nimefika sitini na tatu. Anajisifu kwa majirani kana kwamba ananenepesha fahali wa maonyesho, na nimemwambia siku atakaponifunga utepe wa ushindi shingoni nitaondoka.

Nina ombi moja kubwa, nalo usilipuuze. Daktari anasema tezi ya namna hii hutembea katika familia. Nenda kapimwe, Noeline. Ni damu kidogo tu, wala haiumi kama goti. Nenda wiki hii. Ukisema unasubiri mvua ikatike nitajua unafanya kama nilivyofanya mimi, nami sasa najua ujanja wote.

Tutakuja Pasaka, kabla theluji haijafunga milima. Tutalala Murchison njiani ili nisichoke, na Jumamosi mchana tutakuwa kwako. Nisalimie mama mchungaji, na yule jirani yako wa mashua aliyekutengenezea paa, ambaye naona barua zako zinamtaja mara nyingi kuliko paa lenyewe. Nawe jitunze, usimwinamie kuku bila kushika kitu.

Nikishuka kwenye pikipiki nitavua koti hapohapo langoni, sweta pia, hata kama kuna baridi. Nitazame utakavyo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Glenys